Kila Anayenishauri Ananifungulia Biblia

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Mbeya. Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita kwa ugonjwa wa figo. Kazi yangu ni kushona. Nina fremu ndogo karibu na soko, cherehani tatu, na binti mmoja ninayemfundisha kazi. Hatulali njaa, ila hatuna cha kuringia. Kitu kikubwa tulichoachiwa ni nyumba tunayoishi, vyumba vinne. Hati yake ipo na bado ina jina la marehemu.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye aliyetubeba wakati wa ugonjwa. Miezi saba ya kusafisha damu, nauli za Dar kwenda na kurudi, dawa. Aliuza ng'ombe wawili na pikipiki yake. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja. Baada ya msiba, kikao cha ukoo kilimchagua kuwa msimamizi wa mirathi na mahakama ikampitisha. Mpaka leo ananisaidia nusu ya ada ya mwanangu wa pili.

Sasa amekuja na ombi. Anataka kununua Fuso la mtumba abebe viazi vya Uporoto kupeleka Dar. Biashara ya viazi ameifanya miaka mingi kwa kukodi magari, na anasema faida yote inaishia kwa wenye magari. Hilo najua ni kweli, nimeona mwenyewe. Benki iko tayari kumkopesha milioni 35 lakini inataka dhamana ya nyumba, na yeye ana kiwanja ambacho hakijapimwa. Kwa hiyo anaomba hati ya nyumba yetu. Benki imemwambia warithi walio watu wazima waridhie kwa maandishi, yaani mimi na binti yangu mkubwa wa miaka 19 aliyeko chuo. "Mtoto atasaini tu ukimwambia wewe," alisema. Wengine wawili wana miaka 14 na 9.

Nikaanza kuomba ushauri, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa.

Mchungaji wangu alinisomea Wagalatia 6:2, "Mchukuliane mizigo, na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo." Akasema mtu aliyekubebea mumeo hospitali huwezi kumwambia subiri nifikirie.

Mama kiongozi wa kikundi chetu cha maombi alifunga siku tatu kwa ajili yangu. Siku ya nne akanipigia alfajiri. Ameoneshwa lori jeupe, magunia yamejaa hadi juu, na mimi nimesimama pembeni nimevaa nguo mpya. Akasema Mungu amekwisha kusema, na nikiendelea kuulizauliza nitakuwa namjaribu Mungu.

Rafiki yangu wa VICOBA yeye alinifungulia Mithali 22, pale panaposema usiwe mdhamini wa madeni ya watu usije ukanyang'anywa hata kitanda unacholalia. Yeye aliwahi kumdhamini kaka yake mkopo wa kausha damu, kiwanja chake kikaenda. Anasema nikatae, tena nikishakataa nikate na uhusiano, maana ndugu wa mume ni ndugu mpaka matanga yaanuliwe.

Nilienda na Kyela kwa mama yangu. Mama hajui kusoma. Alikuwa anapeta mchele. Akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza, "Na gari likianguka?" Nikamweleza kuna bima. Akasema "Haya," akaendelea kupeta. Mungu hakumtaja kabisa.

Nimefikia hatua ya kuwa na daftari. Ukurasa wa kulia naandika mistari inayosema nikubali, wa kushoto inayosema nikatae. Mpaka jana usiku kulia ilikuwa sita, kushoto sita. Shemeji anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi ujao kwa sababu hilo Fuso lina mteja mwingine. Nikikataa nitamtazamaje usoni? Nikikubali na likatokea la kutokea, wanangu watanitazamaje mimi? Na katika yote naogopa kumkosea Mungu.

Mama, ikiwa wote hawa wanasoma Biblia moja, nitajuaje ushauri upi ni mwema na upi ni mbaya?

Mama wa Watatu, Mbeya

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Miaka miwili si mingi. Najua kuna siku bado unatenga sahani moja zaidi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Umeniuliza habari za mistari, lakini ninachokisikia chini yake ni hiki: mtu aliyekutendea wema mkubwa bila kuandika hesabu sasa anaomba kitu, kitu hicho si chako peke yako, na jibu lolote utakalotoa unaliona limefanana na dhambi. Ukikataa umekosa shukrani. Ukikubali umechezea mali ya yatima. Ukaenda kwa watu unaowaamini wakusaidie kufikiri, na karibu wote wakakupa hukumu iliyokwisha kupigwa muhuri wa aya.

Daftari lile liweke kwanza kabatini. Mistari haipigi kura. Hata ungefika saba kwa sita usingelala usingizi. Chukua huohuo wa mchungaji, ukae nao kidogo, usome hadi mstari wa tano: "Maana kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe." Ni Paulo yuleyule, sura ileile, na kati ya kauli hizo mbili umo mstari mmoja tu kwamba mtu akijiona kuwa kitu naye si kitu anajidanganya, na mwingine kwamba kila mtu aipime kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo kuna mzigo wa kusaidiana na kuna furushi la mwenyewe. Mchungaji wako hakukosea aliposoma. Aliacha kusoma mapema. Mgonjwa wa figo ni mzigo. Je, mtaji wa lori nao ni mzigo, au ni furushi? Sikujibii. Lakini hilo ni swali la kumrudishia, na mchungaji mzuri hatakasirika ukimrudishia.

Na hapo niulize jambo ambalo huenda hukuliona ulipokuwa unaandika. Umesema shemeji hajawahi kukukumbusha wema wake. Basi ni nani aliyeunganisha ng'ombe wale wawili na hati ya nyumba? Kwa maelezo yako, ni mchungaji, halafu wewe mwenyewe usiku ukiwa kitandani. Inawezekana shemeji anaomba mkopo kama mfanyabiashara anavyoomba, akijua anaweza kujibiwa ndiyo au hapana, na wewe ndiye unayesikia sauti ya deni. Inawezekana pia deni limo, ila ni muungwana asiyelitaja. Mimi sijui, na wewe hujui, kwa sababu hujamuuliza.

Ukitaka kupima ushauri kwa Biblia, wahubiri wengi watakupeleka kwa mfalme Rehoboamu, aliyewaacha wazee akawasikiliza vijana wenzake, na makabila kumi yakamponyoka. Huwa tunaisimulia kana kwamba fundisho ni kuwasikiliza wenye mvi. Mimi nina mvi, na ningependa iwe hivyo, lakini soma 1 Wafalme 12:8 polepole: aliliacha shauri la wazee, kisha ndipo akaenda kuwauliza vijana. Alikwisha kuamua. Alikuwa anatafuta wa kumuunga mkono. Kwa hiyo kabla sijawapima washauri wako nakuomba ujipime wewe: ulipotoka kwa mchungaji ukaenda kwa mama wa maombi, na kutoka kwake ukaenda VICOBA, na kisha Kyela, ulikuwa unatafuta nini? Mtu anayeuliza nyumba nne mara nyingi ana jibu tumboni ambalo anaogopa kulitamka. Huenda si wewe. Jiulize tu.

Mimi nisingekupeleka kwa Rehoboamu. Ningekupeleka 2 Wafalme 4, kwa sababu pale yumo mjane mwenzako. Mumewe amekufa, ameacha deni, na mdai anakuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Anamlilia Elisha. Elisha ni nabii, angeweza kusema "Bwana asema hivi" na mambo yakaisha. Badala yake anauliza: nikufanyie nini? Niambie, una kitu gani nyumbani? Mama anasema hana kitu ila chupa ya mafuta. Na mafuta yalipoongezeka, Elisha akapanga kwa utaratibu: uza, lipa deni, yaliyobaki uishi wewe na wanao. Nabii aliyeona mengi kuliko sisi sote alianza kwa kuuliza, na alipomaliza watoto walikuwa ndani ya hesabu.

Sasa watazame tena washauri wako kwa jicho hilo. Nani alikuuliza? Mmoja tu. Yule asiyejua kusoma, aliyekuwa na ungo mikononi. Nawe ukamjibu haraka kwamba kuna bima. Ni bima gani, mwanangu? Umeiona? Bima ndogo inamlinda utakayemgonga, gari lako likipinduka Kitonga hailipi hata taa. Bima kubwa inaweza kulipa gari, lakini hailipi viazi vikishuka bei, wala injini ikifa njiani na viazi vikaoza, na katika miezi hiyo yote marejesho ya benki hayasubiri. Sisemi gari litaanguka. Nasema mama yako aliuliza swali, na swali lile bado halijajibiwa.

Kuhusu maono nitakwenda taratibu, kwa sababu sitaki kumvunjia heshima mtu aliyefunga siku tatu kwa ajili yako. Si wengi watakaokufanyia hivyo. Lakini katika 1 Wafalme 13 kuna mtu wa Mungu aliyepewa agizo la wazi: asile wala kunywa mahali pale. Nabii mzee wa Betheli akamfuata, akamwambia, mimi nami ni nabii kama wewe, malaika ameniambia nikurudishe ule kwangu. Akarudi, akala, na njiani simba akamuua. Kinachonitisha mimi katika habari hiyo si uongo wa yule mzee. Ni kwamba alikuwa nabii kweli, maana mezani palepale neno la kweli la Mungu lilimjia. Kinywa kimoja, mchana mmoja, uongo na kweli. Ndiyo maana Paulo aliwaambia Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo akaongeza, "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Kuulizauliza ulikokatazwa ndiko alikoamuru yeye. Gideoni aliuliza kwa ngozi ya kondoo mara mbili na hakupigwa radi. Na hata tukiyakubali maono yote kama yalivyo: alioneshwa lori, magunia, na nguo yako mpya. Hati ya nyumba hakuoneshwa. Hiyo imeongezwa na sisi.

Rafiki yako wa VICOBA ana aya sahihi na kidonda kibichi. Ameyapitia, na sauti ya aliyeungua si ya kupuuza. Ila amekupa mashauri mawili katika kifurushi kimoja: usidhamini, na ukate undugu. La kwanza lina Mithali nyuma yake. La pili lina kaka yake nyuma yake. Unaweza kulichukua moja ukamrudishia jingine. Petro katika Mathayo 16 anasema neno ambalo Yesu mwenyewe anakiri limefunuliwa na Baba, na mistari michache mbele, kwa upendo uleule, anamshauri Yesu asiende msalabani na kuambiwa rudi nyuma yangu, Shetani. Hakuwa mtu mbaya asubuhi wala jioni. Tunapenda kumpima mtu mara moja halafu tukabidhi masikio. Ingekuwa rahisi.

Nami nisijitoe. Miaka ya nyuma kijana mmoja mwalimu alinijia, baba yake amepooza kijijini. Nikamsomea "waheshimu baba yako na mama yako," nikamshauri aombe kuacha kazi arudi nyumbani. Akanishukuru, akaondoka. Baadaye sana nikaja kuelewa kwamba alikuwa amekuja kuniuliza namna ya kumwambia dada yake wa mjini naye achangie. Sikumsikia. Nilikuwa na aya mkononi.

Kuna jambo moja katika barua yako ambalo si la kiroho na limenikaa. Shemeji ndiye msimamizi wa mirathi, na shemeji ndiye anayetaka kukopa. Msimamizi si mwenye mali, anaishika kwa niaba ya warithi, na mahakama inamdai orodha ya mali na hesabu ya alivyoigawa. Miaka miwili imepita, hati bado ina jina la marehemu. Huenda ni uzito wa safari za mahakamani tu, wengi tuko hivyo. Sisemi ana nia mbaya. Lakini mtu yuleyule amekaa upande huu wa meza na upande ule, na hata mwaminifu kabisa akikaa hivyo huanza kuona makubwa ya kwake. Kabla hujaweka sahihi popote, fika mahakama iliyompitisha uulize faili limefikia wapi, na umwone msaidizi wa kisheria. Tangu sheria ya mwaka 2017 huduma hiyo inatambuliwa rasmi na asiye na uwezo hatozwi. Waulize hasa habari za wale wawili wa miaka 14 na 9: wana haki katika nyumba na hawana sahihi.

Kumbukumbu la Torati 24:17 inakataza kuchukua vazi la mjane kuwa rehani. Naona tayari umeshika kalamu uuandike upande wa kushoto, ziwe saba. Usiandike. Mstari ule unamwonya anayechukua, haumfungi mjane anayetaka kutoa kwa hiari. Ninachokiona pale ni kwamba Mungu alitazama vitu vya nyumbani kimoja kimoja. Juu kidogo, mstari wa sita, anataja jiwe la kusagia, kwamba anayelichukua rehani amechukua maisha ya mtu. Lako ni cherehani. Katika mbinu zozote mtakazojadili, hizo zisiingie mezani.

Na mbinu zipo zaidi ya ndiyo na hapana. Baadhi ya wakopeshaji hukubali gari lenyewe liwe dhamana, mkopaji akatoa kianzio. Ubaya wake ni kwamba Fuso lililochoka wanaweza kulikataa, na riba inaweza kuwa kubwa kuliko ya mkopo wa nyumba. Ukiwa na akiba VICOBA ungeweza kuchangia hicho kianzio, kiasi ambacho kikipotea kitauma bila kuwalaza watoto nje. Kiwanja chake kingeweza kupimwa kikapata hati, ila hilo linakula miezi na viazi vina msimu. Au ukubali, mkiandikiana: bima kubwa, mkopo mdogo zaidi, wewe kuoneshwa marejesho kila mwezi. Hapo ujue jambo moja, benki haisomi makubaliano yenu ya kifamilia. Siku ya mnada dalali anatazama hati tu. Na ukikataa, kataa ukiwa umepiga hesabu ya ile nusu ya ada, maana inaweza kukoma hata bila hasira, kwa sababu tu mtu amevunjika moyo. Sijui ipi kati ya hizi itakubeba. Wewe ndiye unayemjua shemeji yako akiwa na fedha na akiwa hana.

Haraka ya mwisho wa mwezi ujao isikusukume sana. Sijawahi kusikia gari linalouzwa ambalo halina mteja mwingine.

Binti yako wa chuo umemtaja mara moja tu, kama sahihi. Ana miaka 19, amemzika baba yake, na nyumba ile ni yake pia. Hajui lolote, au anajua na ananyamaza? Mpigie kabla hajapigiwa na mwingine. Usimpigie kumwambia. Muulize, halafu nyamaza kama bibi yake alivyonyamaza.

Kisha ukipata Jumamosi nenda tena Kyela. Mwambie mama, lile swali lako la gari nililijibu vibaya, niulize tena. Na akianza kupeta kabla hajasema, usimkimbize. Chukua ungo mwingine ukae karibu naye.